Maswali na Majibu: Mzio wa Msimu

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu mzio, ambao wengi huuita aleji, unaorudi kila msimu unapobadilika. Tumechagua maswali yanayogusa watu wengi.

Kila kiangazi kinapoanza, mimi hupiga chafya mfululizo asubuhi na kamasi hunitoka kama maji. Nimekwisha kumeza amoksilini mara kadhaa bila nafuu. Je, haya ni mafua sugu? (Mwendesha bodaboda, Soroti)

Dalili zako zinaelekea zaidi kwenye mzio wa pua. Mafua ya virusi kwa kawaida hupungua ndani ya siku 7 hadi 10, na mara nyingi huja na homa au maumivu ya mwili, lakini mzio huendelea muda wote ambao kinachouchochea kipo, kamasi hubaki nyepesi, na pua, macho na kaakaa huwasha. Amoksilini huua bakteria, na mzio hausababishwi na bakteria. Kwa hiyo unapoteza fedha zako huku ukivipa vijidudu vya mwilini nafasi ya kuizoea dawa ambayo huenda ukaihitaji siku nyingine.

Kuanzia Desemba hadi Februari, upepo mkavu huinua vumbi la barabara zisizo na lami na moshi wa nyasi zinazochomwa mashambani, nawe unashinda humo mchana kutwa. Vaa barakoa na kofia ngumu yenye kioo cha mbele, na ukirudi nyumbani nawa uso, badili nguo, kisha safisha pua kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa. Maji yasiyochemshwa yasiingie puani kamwe.

Kwa upande wa dawa, mwombe mfamasia setirizini au loratadini, ambazo humezwa mara moja kwa siku. Nakusihi uepuke klorofenamini, ile ya bei nafuu inayouzwa kila duka la dawa, kwa kuwa huleta usingizi mzito, na wewe umebeba abiria. Hata setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo imeze jioni kwanza uone inavyokuchukua.

Mbona mimi huzidiwa wakati wa mvua, vumbi likiwa limetulia? (Mwalimu, Mbarara)

Kwa sababu mvua huleta vichochezi vyake. Nyasi na mahindi huchanua na kumwaga chavua (unga wa maua), kuta zenye unyevu huota kuvu, na utitiri, yaani wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, huongezeka ndani ya magodoro na mito. Chunguza ni wapi unapozidiwa: ukiamka na chafya, anza na kitanda. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, anika godoro juani kila jua linapotoka, na usikaushe nguo chumbani unamolala.

Chandarua nacho hushika vumbi, na wapo wanaokiacha kwa sababu hiyo, jambo ambalo ni hatari kubwa zaidi kuliko chafya, kwa kuwa malaria inaua. Kifue kwa sabuni laini, si zaidi ya mara moja kila miezi 3, na ukianike kivulini ili jua lisiharibu dawa yake.

Je, asali ya huku kwetu huponya mzio? (Msomaji, Arua)

Hapana. Nyuki hukusanya hasa chavua ya maua yanayotegemea wadudu, ilhali inayosumbua pua zetu ni ile nyepesi ya nyasi inayopeperushwa na upepo. Asali hutuliza koo na kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe hata kidogo.

Mwanangu wa miaka 7 hujikuna macho mpaka yanakuwa mekundu. Niliuziwa matone yanayomtuliza papo hapo. Niendelee nayo? (Mama, Jinja)

Mama, soma kwanza maandishi ya kichupa hicho. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hizo ni steroidi, na zisitumike bila usimamizi wa mtaalamu wa macho. Hutuliza haraka kweli, lakini zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuona bila maumivu yoyote, au kuleta mtoto wa jicho. Usizikatize ghafla kwa uamuzi wako. Nenda naye kliniki ya macho wiki hii, na uchukue kichupa chenyewe.

Kwa sasa mkandie macho kwa kitambaa safi chenye maji baridi, na umzuie kuyasugua, maana kusugua kwa muda mrefu kunaweza kupotosha umbo la kioo cha mbele cha jicho. Akiumizwa na mwanga, akiona ukungu, au ukiona doa jeupe kwenye jicho, usingoje: mpeleke siku hiyo hiyo.

Chafya zikizidi, kifua changu hubana usiku na kutoa mlio. Je, nayo ni aleji tu? (Mkulima, Kasese)

Huenda ni pumu, ambayo mara nyingi huandamana na mzio wa pua. Nenda kituo cha afya upimwe, kwa kuwa vidonge vya mzio havitibu pumu. Inahitaji dawa ya kuvuta. Epuka pia kupikia kuni ndani ya chumba kilichofungwa. Ikitokea unashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikageuka rangi kuwa ya samawati, watu wa nyumbani wakukimbize hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane.