Ibara ya dharura ya mkataba SI utetezi wa ulazima. Usiitume hiyo rasimu!

Mkuu, usiitume. Umesema unasaidia kuandaa utetezi wa serikali iliyoshtakiwa na mwekezaji wa kigeni kwa hatua ilizochukua wakati wa mtikisiko wa uchumi, na umeuliza mambo manne: utetezi wa ulazima (udhuru wa sheria ya jumla, kwamba nchi haikuwa na njia nyingine ya kujinusuru) ukae wapi, fidia inakokotolewaje, kama mwekezaji alipaswa kuanzia mahakama za ndani, na kesi huchukua muda gani (haya mawili ya mwisho yasubiri). Halafu katikati ukatupia sentensi iliyonitoa jasho: kwamba ibara ya dharura ya mkataba na ulazima wa sheria ya kimila ya kimataifa (ile inayotokana na desturi za mataifa, si mkataba) ni kitu kimoja, kwa hiyo umeviweka sura moja. Sura hiyo niliiandika mimi miaka iliyopita, na kesi tukashindwa.

Nilikuwa wakili mdogo kwenye timu ya utetezi. Mkataba wetu wa uwekezaji ulikuwa na ibara inayosema hauizuii nchi kuchukua hatua zinazohitajika kulinda utulivu wa umma au maslahi yake muhimu ya usalama. Ibara nzuri, pana, imeandikwa kwa ajili ya siku kama ile. Tukaletewa mshauri mwenye jina kubwa. Akaniambia sheria ya kimataifa kwa ujumla wake ni mapambo tu kwenye kesi za uwekezaji, nichukue Ibara ya 25 ya vifungu vya Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa vya mwaka 2001 kuhusu wajibu wa dola (yaani nchi), ambayo ndiyo inayoweka masharti ya ulazima, niipambie ibara yetu ionekane na uzito. Nikafanya hivyo. Msinicheke, mtu wa hadhi ile akikuambia jambo kwa sauti ya uhakika, nawe ungeandika.

Sasa angalia nilichokifanya. Niliandika kwamba ibara ya mkataba "isomwe kwa mujibu wa" Ibara ya 25. Kwa maneno hayo machache nikambebesha mteja wangu masharti ambayo mkataba haukuyataka popote: hatua iwe njia PEKEE ya kulinda maslahi ya msingi dhidi ya hatari kubwa iliyo karibu, isiathiri vibaya maslahi ya msingi ya nchi nyingine, na nchi yenyewe isiwe imechangia kuileta hali ile. Nionyesheni serikali ambayo uchumi wake ulitikisika na haikuchangia chochote! Wakili wa mwekezaji wala hakuhangaika kubishana. Alisoma aya zangu kwa sauti, akaweka mezani bajeti za miaka iliyotangulia, akaketi. Utetezi ukaanguka kwenye sharti la kuchangia, sharti tulilolileta sisi wenyewe.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba onyo lilikuwa limeshaandikwa. Katika kesi ya kampuni ya CMS dhidi ya Argentina, tuzo (uamuzi wa usuluhishi) ya 2005, baraza la usuluhishi liliisoma ibara ya XI ya mkataba wa Argentina na Marekani kana kwamba ni ulazima wa kimila, likaiamuru Argentina ilipe dola milioni 133.2. Mwaka 2007 kamati iliyoombwa kutengua tuzo ikasema waziwazi kwamba hilo ni kosa la kisheria. Ibara ya mkataba ikitimia, wajibu wa mkataba hautumiki, kwa hiyo hakuna ukiukaji. Ulazima ni udhuru, na unaingia tu pale ukiukaji umeshapatikana. Hata hivyo amri ya kulipa ilibaki, kwa sababu kosa la kisheria peke yake si sababu ya kutengua chini ya Ibara ya 52 ya Mkataba wa ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Umeelewa hapo? Wanaweza kukiri baraza lilikosea na bado ukalipa. Tuzo ya kampuni ya Sempra dhidi ya Argentina hiyo hiyo, mkataba ule ule, ilitenguliwa 2010 kwa kuwa baraza halikuitumia ibara ya mkataba. Usijenge kesi yako juu ya bahati ya namna hiyo.

Baada ya tuzo nilimuuliza yule mshauri kama aliusoma uamuzi wa 2007. Akajibu aliupitia juu juu. Juu juu! Na ankara yake ilikuwa imeshalipwa.

Tena kuna suala la pesa. Ibara ya 27 ya vifungu vile vile inasema kuutumia ulazima hakuzuii suala la fidia kwa hasara halisi. Kwa hiyo hata ukishinda kwa ulazima, mwekezaji bado anaweza kuja na hesabu yake. Ukishinda kwa ibara ya mkataba, hakuna ukiukaji wa kuufidia. Ukiviunganisha unampa nafasi ya kukudai hata pale uliposhinda.

Kanuni yangu ni moja, na nitaing'ang'ania: kabla ya kuandika aya yoyote, uliza swali hili linajibiwa na sheria ipi. Mkataba umesema? Uache useme wenyewe. Umenyamaza? Hapo ndipo sheria ya jumla inaingia, na inaingia kwa mlango unaojulikana: Ibara ya 42(1) ya Mkataba wa ICSID, au Ibara ya 31(3)(c) ya Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa 1969. Si mapambo hata kidogo. Nani alitenda kwa niaba ya dola? Mikataba mingi haisemi, unaenda kwenye vifungu vya 2001. Sheria ya ndani iliruhusu hatua ile? Haikuokoi, soma Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna. Fidia nayo iko hivyo hivyo: kipimo kilichomo mkatabani mara nyingi ni cha utaifishaji halali, na kwa tendo haramu mabaraza hurudi kwenye hukumu ya mahakama ya kimataifa kuhusu kiwanda cha Chorzów ya 1928, kufuta athari zote za tendo.

Kwa hiyo ivunje hiyo sura leo. Ya kwanza iwe ibara ya mkataba peke yake, kwa maneno yake na ushahidi wake, bila neno "pekee" wala "kuchangia". Ya pili, na uandike kabisa kwamba ni ya akiba, iwe ulazima, ikianza na "hata kama baraza litaona kulikuwa na ukiukaji". Kisha weka hapa maneno kamili ya ibara ya dharura na ile ya sheria inayotumika, neno kwa neno. Nitayasoma usiku huu huu.