Duka Lina Watu, Pesa Haipo

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma, nazo zinazungumzia jambo moja: maduka ya mtaani yanayofunga. Tumechagua nne.

Nina duka la vyakula Kibirizi, huu mwaka wa tatu. Wateja hawakauki, lakini kila nikitaka kufuata mzigo pesa haitoshi. Majirani wawili wameshafunga. Nami nifunge? (Mama wa duka, Kibirizi)

Mama, usifunge kabla ya kupiga hesabu. Tuseme pango ni 120,000 kwa mwezi, umeme 25,000, mlinzi 20,000, kijana wa duka 100,000. Jumla 265,000. Kama katika kila shilingi 100 unayouza zinabaki 12, gawanya 265,000 kwa 0.12: unatakiwa kuuza kama 2,210,000 kwa mwezi, yaani 85,000 kwa siku ukifungua siku 26. Hapo wewe mwenyewe hujapata hata senti. Ukitaka kujilipa 200,000, mauzo ya siku yapande hadi karibu 149,000. Andika mauzo ya kila siku kwa mwezi mzima, bila kukisia, ndipo uamue.

Wengi hukosea kwenye ile 12. Kitu cha 800 ukikiuza 1,000 umeongeza robo ya bei ya kununulia, lakini kilichobaki ni 20 katika kila 100 ya mauzo, wala si 25. Anayechanganya hizi mbili hutumia faida ambayo haipo, na anayelipa ni mtaji.

Kisha angalia mizani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukifungwa robo robo hutoa pakiti 200. Mkono ukizidisha gramu 5 tu kwenye kila pakiti, kilo nzima imeondoka. Kama faida yako ni 200 kwa kilo, mfuko mzima ungekupa 10,000. Kilo moja ya 2,800 iliyopotea imekula zaidi ya robo ya faida hiyo. Usipime kwa kopo. Tumia mizani iliyogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na uhakiki huo ni wa kila mwaka.

La mwisho ni madeni, na kwa Kibirizi hilo ndilo kubwa. Wateja wako, wengi wakiishi kwa uvuvi wa dagaa, wanakula kwa mwezi wa angani kuliko wa kalenda. Wakati wa giza taa zinavuta dagaa na pesa inaingia mtaani. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, mitumbwi inalala ufukweni, na watu wanakuja na daftari. Basi usiandike “atalipa mwisho wa mwezi.” Andika tarehe inayoangukia katikati ya giza, na siku hiyo asubuhi mkumbushe. Kila mteja awe na ukurasa wake: tarehe, kitu, kiasi, siku ya kulipa, sahihi. Deni lote lililo nje lisipite sehemu moja ya kumi ya mtaji. Mwenye mtaji wa 1,500,000 aishie 150,000. Asiyepunguza la zamani hadi nusu asipewe jipya, hata akiwa shemeji.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Aliyekopesha mwezi wa nne kama kawaida alingoja hadi mwisho wa mwezi wa nane. Tangazo kama hilo likitoka, punguza mikopo mwezi mzima kabla, na punguza pia mzigo wa vitu vinavyokaa, kama sabuni za bei kubwa na mafuta ya kujipaka.

Marehemu baba ametuachia duka la vitabu na vifaa vya shule Ujiji. Vitabu vya kiada vimejaa rafuni, hakuna anayeviuliza. Ndugu wanataka tugeuze kuwa duka la simu. Vitabu bado vinauzika? (Dada na kaka, Ujiji)

Poleni kwa msiba. Vitabu vinauzika, ila si hivyo vilivyojaa rafuni. Siku hizi vitabu vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, serikali inavipeleka shule zake, na mtu mwenye simu anavisoma bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi hiyo. Juu ya hapo, mtaala mpya ulianza Januari 2024 na unaingia darasa kwa darasa, kwa hiyo kila mwaka kuna rundo jingine linalopitwa. Duka linaloegemea kiada limeegemea ukuta unaobomoka.

Fungeni siku moja mtoe kila kitu chini. Kiada ya mtaala uliopita iwekwe peke yake na iuzwe kwa bei ya kutupa, kwa kumwambia mnunuzi wazi kwamba ni ya zamani. Kamusi, sarufi, hadithi za watoto na vitabu vya dini virudi rafuni, maana hivyo havifi na mtaala. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu andikeni kwa penseli mwezi kilipoingia, mfano 9/25. Kilichofikisha miezi 12 kipunguzwe theluthi. Cha miezi 18 kiuzwe kwa bei mliyonunulia. Inauma, lakini pesa iliyolala kwenye kitabu hainunui daftari za Januari.

Ujiji ina madrasa na makanisa, basi juzuu, misahafu, Biblia na vitabu vya nyimbo visikosekane. Mitihani iliyopita ya darasa la saba na kidato cha nne huuzika kuanzia mwezi wa sita. Vitabu vya kujifunzia Kifaransa wekeni vichache. Wanaofanya biashara na Burundi na Kongo wanavitafuta, na maduka mengi hawanavyo.

Vipya msinunue taslimu. Ombeni mali kauli kwa wachapishaji wa Dar es Salaam: wawape vitabu, mlipe vilivyouzwa, mrudishe visivyouzwa. Makubaliano yaandikwe mambo manne: idadi ya kila kitabu, punguzo la duka, siku ya kufunga hesabu (siku 90 zinafaa), na nani analipa nauli ya kurudisha. Hilo la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloleta ugomvi. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kitabu cha 10,000 chenye punguzo la 30% kinawaachia 3,000. Boksi la vitabu 40 likisafirishwa kwa 20,000, kila kitabu kimebeba 500, mnabaki na 2,500. Boksi hilohilo likiwa na vitabu 10 kwa nauli ileile, mnabaki na 1,000. Ndiyo maana agizo lingoje lijae.

Boksi lisizidi kilo 25. Zito zaidi hutupwa badala ya kushushwa, na kona za vitabu zinavunjika. Ndani tandikeni nailoni, vitabu vilale bapa, mgongo mmoja kushoto, unaofuata kulia.

Hifadhi nayo msiipuuze. Masika ya huku yanaanza mwezi wa kumi na kuendelea hadi wa tano, na ukuta unaotoa jasho huvimbisha karatasi. Shikeni kitabu kilichokaa ukutani: kurasa zina mawimbi, gundi ya mgongo imeachia, harufu ya ukungu. Rafu ikae vidole vinne kutoka ukutani, ubao wa chini uwe kama sentimita 15 juu ya sakafu. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, mchwa wasipande.

Kuhusu mashine ya kopi, inunueni, italipa pango. Rimu ya karatasi 500 kwa 12,000 ni shilingi 24 kwa karatasi; ongezeni wino na umeme, kopi ya 100 bado ina faida nzuri. Lakini msidurufu kitabu kizima. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakataza, na duka linalodurufu vitabu linaua vitabu vyake lenyewe.

Mwenye fremu anataka pango la mwaka mzima kwa mkupuo, na anasema mambo ya kodi ni yangu. Ni sawa? (Fundi cherehani, Mwanga)

Omba miezi mitatu au sita, kwa mkataba wa maandishi. Kodi ya zuio ya 10% ya pango ni ya mwenye fremu, ila wewe mpangaji ndiye unayeikata na kuipeleka TRA. Akisema anataka 120,000 mkononi, pango halisi limekuwa 133,333, na 13,333 ni kodi. Mkataba utaje kiasi kabla ya kukata. Kilemba, yaani pesa ya kuachiwa fremu, usilipe bila risiti.

Mjomba anasema nisifungue duka la vitabu, kwamba hata Marekani yamekufa kwa sababu ya intaneti. (Kijana, Gungu)

Mjomba ana haki ya kukuhofia, lakini amekupa nusu ya habari. Borders, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu Marekani, ilifunga mwaka 2011. Mwaka huohuo Waterstones ya Uingereza, iliyokuwa taabani, ilikabidhiwa kwa James Daunt, muuza vitabu wa London. Aliacha kupokea pesa za wachapishaji za kupanga vitabu vyao mbele, akawaachia mameneja wa kila duka wachague kinachosomwa mtaani kwao. Vitabu vinavyorudishwa vikapungua, na kampuni ikasimama tena kwa miguu yake. Ufaransa ilitumia sheria: tangu 1981 muuzaji haruhusiwi kushusha bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya 5%, kwa hiyo mkubwa hawezi kumuua mdogo kwa bei. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini la Daunt unaliweza kesho.

Anza bila fremu. Kila Ijumaa piga picha za vitabu 10, weka bei, tuma kwenye kundi la WhatsApp la walimu na wazazi. Pokea nusu ya bei kwa lipa namba ndipo uandike agizo. Agizo likifika vitabu 40, tuma Dar. Andika kwenye daftari hata vitabu vilivyoulizwa ukavikosa. Baada ya miezi sita, kama maagizo yanafika 40 kila mwezi, tafuta fremu ndogo jirani na shule, na hicho ulichokiandika kwenye daftari ndicho cha kwanza kupanga rafuni.