Kila mtu na ugonjwa wake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama maneno mengi ya Kiingereza yanayotaja kasoro ndogondogo za watu yana tofauti ya maana, au ni majina mengi ya kitu kimoja. Nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari hapa Dodoma hadi nilipostaafu, na miaka yote hiyo niliwaambia wanafunzi kwamba tofauti ni ya ukubwa tu: "foible" ni kasoro ndogo, "fault" ni kubwa kidogo, "vice" ni mbaya kabisa. Jibu hilo lilikuwa na walakini, na aliyenionyesha ni mpwa wangu aliyekuja mjini kutoka Kongwa kwa ajili ya usaili wa kazi.

Aliulizwa kwa Kiingereza, kama wanavyoulizwa wengi, ataje "weakness" yake. Binti yule akajibu, bila kupinda maneno, kwamba hapati usingizi mpaka ahakikishe mara tatu kwamba mlango umefungwa, na kwamba chai ambayo hakuimimina mwenyewe haimshuki. Wasaili wakacheka, naye akarudi nyumbani akiamini kwamba ameharibu. Usiku, tukila ugali wa uwele kwa mlenda, nilimwambia, "Mama, ulichowatajia si udhaifu. Hiyo ni 'quirk', kijitabia cha kipekee tu." Akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa Mjomba, tofauti iko wapi, ikiwa vyote ni vitu ninavyoshindwa kuviacha?" Mwalimu mzima nikabaki natafuna.

Jibu nililolipata baadaye ni kwamba maneno haya hayapangwi kwa ukubwa pekee. Yanapangwa pia kwa nani anayeumia, na kwa jinsi msemaji anavyompenda au asivyompenda anayesemwa. "Weakness" ni mahali ambapo mtu huangukia akisukumwa: hawezi kumkatalia mtu, au akisimama mbele za watu sauti inakauka. Kuhakikisha mlango mara tatu hakumwangushi mpwa wangu popote. Kunamtambulisha tu, na siku akiacha tutadhani anaumwa.

"Foible" ndilo neno lililonifundisha zaidi. Limetoka katika Kifaransa cha zamani, kwa maana ya kitu dhaifu, na wacheza upanga walilitumia kwa nusu ya upanga inayoelekea nchani, huku nusu iliyo karibu na mpini ikiitwa "forte", yaani yenye nguvu. Upanga huo ni mmoja na ni mzima. Sehemu ile ni dhaifu kwa sababu ni nyembamba na iko mbali na mkono, wala si kwa sababu fundi alikosea. Ndiyo maana Mwingereza anapotaja "foible" ya babu yake huwa anatabasamu, na ndiyo maana mwizi hapewi neno hilo isipokuwa kwa mzaha. Tabia ileile moja, kwa mfano kurudia hadithi kila wageni wanapokuja, mjukuu ataiita "foible" na mkwe aliyechoka ataiita "fault", na kila mmoja atakuwa ametumia neno lake sawasawa.

"Peculiarity" nalo lina asili ambayo Mgogo yeyote angeifurahia. Linarudi hadi kwenye neno la Kilatini la mali ya mtu binafsi, na neno hilo lilizaliwa na neno la ng'ombe, kwa kuwa Warumi wa kale, kama wafugaji wa Bahi na Mvumi, walijua mali kwa kutazama zizi. Kwa hiyo ni tabia iliyo yako peke yako, kama ng'ombe ambaye kijiji kizima kinajua ni wa fulani. "Eccentricity" ilitoka kwa wanajimu wa kale, waliolitumia kwa mzunguko ambao Dunia haikuwa katikati yake. Mtu wa namna hiyo anazunguka kama wengine, ila kitovu chake kiko kwingine. "Vice" sina haja ya kulieleza, kwani kila lugha ina neno la uovu uliozoeleka.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina utajiri huo, nami sikubaliani nao. Kasoro kwetu ni upungufu unaopimika, ndiyo maana tunasema saa mbili kasoro robo. Ila ni waa katika kitu ambacho vinginevyo ni kizuri, na inapendeza kwamba maneno mawili tofauti ya Kiarabu, la waa na la "isipokuwa", yamefika kwetu yakiwa na sauti moja. Walakini ni shaka ambayo msemaji bado hajataka kuitaja. Na pale Mwingereza anapotumia "weakness" kwa kitu anachokipenda kupita kiasi, sisi tunaita ugonjwa: pilau ndio ugonjwa wangu. Tena tuna kiambishi kinachofanya kazi yote ya "foible" kwa silabi moja, kwani kusema kwamba mtu ana katabia ka kuchelewa ni kumlaumu huku umemshika bega. (Nakiri kwamba niliwakata alama wengi kwa hiyo "ka", kwa kuwa Kiswahili sanifu kinataka "ki". Leo nisingewakata.)

Mpwa wangu ameitwa kwenye usaili mwingine, katika ofisi nyingine. Tumekubaliana kwamba safari hii ataje udhaifu wa kweli, kwamba hupokea kazi za wenzake kwa kushindwa kusema hapana, na aeleze anavyojirekebisha. Habari ya chai nimemshauri asiiguse, maana huo ni ugonjwa wa ukoo mzima.