Jibu: Picha za moyo za MRI zina ukungu, za ubongo ziko safi

Habari ndugu. Unasema mashine ileile ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) inatoa picha safi za ubongo, ila za moyo zina ukungu kama za mtu aliyepigwa picha akikimbia. Usiguse programu kwanza. Angalia elektrodi, vile vibandiko vya kifuani vya ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

Picha moja ya moyo huunganishwa kwa vipande kutoka mapigo kadhaa, na mashine huanza kuhesabu kila ionapo wimbi la R, ule mchomozo mkali wa ECG moyo unapoanza kubana. Ndani ya sumaku, damu inayokimbia kwenye aota (mshipa mkuu utokao moyoni) huzalisha umeme wake, wimbi la T (lile linalofuata R katika kila pigo) linavimba, na mashine inalidhania kuwa ni R. Hapo vipande vinachanganyika. Mimi nilihangaika siku mbili nikilaumu programu, kumbe ni nywele za kifua zilizozuia elektrodi kushika! Nyoa, futa ngozi ikauke, bandika upya, sogeza elektrodi hadi R iizidi T waziwazi.

Ikigoma, tumia kihisi cha kidoleni, ila mpigo hufika pale umechelewa. Na mgonjwa azuie pumzi baada ya kutoa hewa. Hapo dayaframu (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) hurudi karibu palepale kila mara.

Mapigo yasiyo na mpangilio kabisa? Chukua picha za papo kwa papo, zisizounganishwa kutoka mapigo kadhaa, ukubali zitapungua ukali.