Palizi ya karanga zilizochanganywa na mahindi

Swali: Mimi ni mkulima wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Nimepanda karanga katikati ya mistari ya mahindi, na magugu yanazidi. Muuza pembejeo ananishauri ninyunyize atrazini, dawa ya kuua magugu, kwa kuwa majirani huitumia kwenye mahindi. Je, nimsikilize?

Jibu: Ndugu mkulima, tafadhali usinyunyize dawa hiyo. Mahindi huistahimili atrazini kwa sababu mmea wake huivunja nguvu kabla haijaleta madhara, lakini karanga hazina uwezo huo, hivyo majani yake yatageuka manjano kuanzia kingoni na kukauka. Dawa ya 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana, nayo itaziharibu karanga, ilhali zile zinazoua nyasi pekee, kama fluazifopi, zitaziacha karanga salama na kuangamiza mahindi, ambayo ni jamii ya nyasi. Msimu ujao unaweza kutumia pendimethalini, dawa inayozuia magugu yanapoanza kuota, juu ya udongo wenye unyevu, baada ya kupanda na kabla mimea haijachomoza, mradi mbegu za mahindi zimefukiwa vizuri. Penye mtama au ulezi usiitumie.

Kwa sasa kazi ni ya jembe na mikono, na jambo kubwa ni wakati. Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya 2 au ya 3 baada ya kupanda, kwa sababu karanga hukua polepole mwanzoni na magugu huzipita haraka, na ya pili imalizike kabla ya wiki ya 6. Kabla ya kuingia na jembe mara ya pili, inama ufunue matawi ya shina moja: ukiona vikonyo vyembamba, mara nyingi vya rangi ya zambarau, vikishuka kutoka kwenye maua yaliyonyauka kuelekea ardhini, weka jembe kando. Ncha ya kila kikonyo ndiyo itakayokuwa ganda la karanga, na kikikatwa hakiungi tena. Kuanzia hapo ng'oa magugu kwa mkono, wala usirundike udongo shinani, kwani matawi ya chini yakifukiwa huzaa kidogo na shina huoza kwa urahisi.

Huko kwenu mashariki angalia pia kiduha, gugu lenye maua ya waridi. Hunyonya mizizi ya mahindi, si ya karanga, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. King'oe kabla hakijachanua, hata kama mavuno ya msimu huu tayari yameathirika.