Swali la lugha: Uturuki iko "kati ya" mabara mawili?

SWALI: Naandaa kitabu cha mwongozo kwa Watanzania wanaosafiri nje, na sura zake nimezipanga kwa mabara. Niliandika "Uturuki iko kati ya mabara mawili, Asia na Ulaya." Mhariri amefuta "kati ya" akaweka "katika". Nani yuko sahihi? Na nchi za namna hii niziweke sura ipi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na sababu iko kwenye njia unayoijua. Chukua sentensi "Manyoni iko kati ya Dodoma na Singida." Kama unataja miji, ni sawa kabisa: basi limeshaiacha Dodoma mjini na Singida mjini halijafika. Kama unataja mikoa, umepotosha, maana Manyoni ni wilaya ya Mkoa wa Singida. "Kati ya" hii na ile humfanya msomaji aelewe kwamba kitu hakimo katika hii wala ile. Ndiyo maana mlangobahari wa Bosporus uko kati ya Ulaya na Asia, na Bahari ya Shamu iko kati ya Afrika na Uarabuni. Uturuki yenyewe imo Asia na imo Ulaya pia. Ifananishe na Bwawa la Mtera, ambalo maji yake yameingia Dodoma na yameingia Iringa.

Kwa nchi, kitenzi ninachokipendekeza ni "kuenea": Uturuki imeenea katika mabara mawili. Kwa jiji linalopitiwa na maji katikati, sema liko pande zote mbili za maji hayo. Epuka "imegawanyika", kwa kuwa nchi iliyogawanyika, masikioni mwa Mswahili, ni nchi yenye mfarakano. Epuka pia "inapakana na Ulaya". Kinachopakana na kitu kiko nje yake, na hapo utakuwa umeifuta sehemu ya Ulaya ya Uturuki. Sehemu hiyo ni takribani asilimia 3 tu ya eneo la nchi, lakini ndiko iliko Istanbul ya kale, pamoja na Hagia Sophia.

Ukikubali "katika", angalia lisije likazaa kosa jingine. "Katika bara la Asia" ni sawa, "barani Asia" ni sawa. "Katika barani Asia" ni kurudia kazi ileile mara mbili, kwa sababu -ni tayari inaonyesha mahali. Wala usiandike "mabarani mawili". Nomino ikishapata -ni hubeba upatanisho wa mahali, kama katika "nyumbani kwangu", na "mawili" haukubali. Penye idadi tumia "katika mabara mawili" na si vinginevyo.

Neno "bara" lenyewe lina mzigo. Kwa msomaji wa Zanzibar, kwenda bara ni kuvuka maji kuja huku. Kwa mtu wa pwani, bara ni huku ndani kwetu Dodoma na Tabora. Kichwa kama "Safari za Bara" kitasomwa kwa namna tatu. Taja jina kila mara (bara la Asia, bara la Ulaya), na herufi kubwa uiachie Tanzania Bara.

Sasa kuhusu sura. Chagua kigezo kimoja, ukiandike ukurasa wa kwanza, usikivunje. Kigezo cha ukubwa wa eneo kinashawishi ila kinamwangusha msafiri: takribani robo tatu ya ardhi ya Urusi iko Asia, kwa hiyo Moscow ingeingia sura ya Asia, mahali ambapo hakuna atakayeitafuta. Kigezo cha mji mkuu kinafanya kazi vizuri zaidi. Ankara iko Asia, Moscow iko Ulaya, Cairo iko Afrika, Astana ya Kazakhstan iko Asia. Uzuri wake ni kwamba kwa nchi hizo nne matokeo yanalingana na mgawanyo wa kanda unaotumiwa na Umoja wa Mataifa katika takwimu. Georgia na Azerbaijan mstari wenyewe wa Ulaya na Asia unabishaniwa pale kwenye milima ya Kaukazi, basi zifuate mgawanyo huohuo: Asia Magharibi. Kupro nayo imo humo, ingawa ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Uanachama si jiografia.

Usifungue sura ya "Mashariki ya Kati" ndani ya kitabu kilichopangwa kwa mabara. Misri itadai sura mbili. Maeneo ya ng'ambo ni habari nyingine: Réunion ni ya Ufaransa, lakini msafiri anatua Bahari ya Hindi, hivyo iweke sura ya Afrika kisha chini ya Ufaransa andika "taz. Réunion". Fanya hivyo pia kwa Ceuta na Melilla, miji ya Hispania iliyoko pwani ya Afrika.

Nchi ikishapata sura yake, ukweli wa mabara mawili uuonyeshe kwenye miji, maana hapo ndipo kosa linapomgharimu mtu nauli. Istanbul ina viwanja vya ndege viwili vikubwa: Uwanja wa Istanbul uko upande wa Ulaya, Sabiha Gökçen uko upande wa Asia. Misri nayo, Mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869 ndio unaochukuliwa kuwa mpaka, kwa hiyo Sharm el-Sheikh na Mlima Sinai viko Asia, ndani ya nchi ya Afrika. Na andika "upande wa Ulaya", kamwe si "upande wa Kizungu": Kizungu ni cha watu na desturi zao, nacho hakielezi ukingo wa maji.

Kwa mfano, ingizo lako laweza kusomeka hivi: "Istanbul. Jiji la Uturuki lililoko pande zote mbili za Bosporus. Upande wa Ulaya: Sultanahmet, Hagia Sophia. Upande wa Asia: Üsküdar, Kadıköy. Treni ya Marmaray hupita chini ya bahari kuunganisha pande hizo." Ukianza na neno "jiji", upatanisho ni "lililoko", ukianza na jina tupu, ni "Istanbul iko".