Sungura wa Harlequin wakizaa kwenye baridi kali: usihangaike na banda, hangaika na sanduku

Wadau wa nyumbani wananiuliza sana, hasa wale wa Njombe na Makete ambao Juni na Julai wanaamka wanakuta umande umeganda kwenye majani, inakuwaje huku Minnesota, Marekani, nazalisha sungura Januari wakati usiku inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na banda langu halina hita. Jibu ni kwamba sungura mkubwa baridi haimsumbui kihivyo, ana koti lake, mzuie upepo na asilowe basi. Mwenye shida ni mtoto, na mtoto haishi bandani, anaishi ndani ya sanduku la kuzalia, kwa hiyo hela na akili zako zote peleka kwenye sanduku.

Mimi nafuga Harlequin, wale wa rangi mbili zinazopishana, yaani nusu ya uso nyeusi nusu ya chungwa, halafu masikio yanageuza, sikio la upande mweusi linakuwa la chungwa na la upande wa pili jeusi. Asili yao Ufaransa, walioneshwa Paris mwaka 1887. Kuna Japanese ambao wana chungwa, na kuna Magpie ambao penye chungwa wana nyeupe. Kupata aliyepishana sawasawa ni kazi, kwenye uzao mzima unaweza usipate hata mmoja wa maonesho, na ndio maana kila kitoto kwangu nakipigania, manake huyo unayempoteza kwa baridi anaweza kuwa ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Kwanza kabisa usipandishe jike mmoja peke yake kipindi cha baridi. Pandisha wawili siku moja. Mimba ni siku 31 hivi kwa hiyo watazaa karibu pamoja, na mmoja akizaa watoto wawili tu hao hawawezi kutunziana joto, unawahamishia kwa mwenzake na jike wa sungura hana neno, anawapokea. Na hapa Harlequin ana raha yake ambayo mwenye sungura weupe haipati: mtoto anazaliwa hana unyoya hata mmoja lakini mabaka meusi yanaonekana tayari kwenye ngozi, kwa hiyo siku ile ile nachora kila mmoja kwenye daftari, huyu mkanda mgongoni, huyu mguu wa kushoto mweusi, na hata wakichanganywa najua nani mtoto wa nani. Ila chungwa na nyeupe zote zinaonekana pinki mwanzoni, hizo subiri manyoya. Na jike akikataa dume miezi ya giza usimlaumu, siku ni fupi, mwongezee mwanga wa taa ya kawaida ifike kama masaa 14 na umpeleke yeye kwa dume, sio dume kwake.

Sanduku naweka siku ya 28, ukiwahi sana anaweza kuligeuza choo. Liwe la mbao, urefu sentimita 45 hivi, upana 25 mpaka 30, sio bati, bati linavuta joto na linatoa jasho. Chini katoni, juu yake maranda ya mbao kama vidole vitatu, halafu mabua ya ngano au nyasi kavu unashindilia mpaka sanduku lijae kabisa, shindilia kweli, kisha unatoboa shimo kwa ngumi kule nyuma. Mama atamalizia mwenyewe, ananyofoa manyoya ya kifuani na tumboni anatandika. Asiponyofoa, mshike taratibu umnyofoe wewe, karibu na kuzaa yanatoka bila nguvu. Yanayobaki kwenye uzao mkubwa nachagua yaliyo safi na makavu naweka kwenye mfuko wa karatasi, ni akiba ya jike mvivu.

Siku za kuzaa nenda bandani usiku na alfajiri, manake sungura hambebi mtoto wake kama paka, kitoto kikizaliwa nje ya sanduku au kikitoka kimeng'ang'ania chuchu ndio imeisha, mama atakiruka tu. Ukikikuta kwenye waya wa sakafu ya banda kimekuwa kijivu, kigumu, hakitikisiki, usikitupe bado. Kitie ndani ya shati kifuani kwako, au kama kimepoa kabisa kishike kwenye maji ya vuguvugu kichwa kikiwa nje, ukisugue taratibu. Inaweza kuchukua nusu saa hujaona kitu, halafu kinafungua mdomo mara moja, kinatulia, kinafungua tena, na baadaye miguu inaanza kupiga. Kikaushe kikauke kabisa ndio urudishe katikati ya wenzake. Na usikipe maziwa kikiwa baridi, tumbo la baridi halisagi.

Kila asubuhi ingiza mkono. Ukisikia joto linakupiga kwenye vidole na wote wanaruka ruka kwa pamoja, matumbo yamejaa kama mipira, funika uondoke. Tumbo likiwa na mikunjo hajanyonya, mshike mama umuweke mtoto anyonye. Wakiwa wametawanyika na wana unyevunyevu mwilini umezidisha manyoya, punguza. Kondo, aliyekufa, nyasi iliyolowa, toa siku ile ile. Kwa kweli unyevu naogopa kuliko baridi yenyewe, ndio maana banda silizibi kwa nailoni, harufu ya mkojo ikikaa humo inawaharibu mapafu, juu pabaki pa kupumulia.

Taa za joto mimi sitaki kuziona karibu na nyasi kavu, moto wa banda huku ni jambo la kila msimu. Usiku ukiwa mbaya sana nabeba sanduku naingiza besmenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, chumba cha kawaida sio pembeni ya hita, kwa sababu mama ananyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kwa hiyo asubuhi na jioni nampelekea watoto, anaingia, ananyonyesha, anatoka, narudi nao ndani. Na maji! Jike anayenyonyesha akikosa maji maziwa yanakata, na huku bakuli linaganda haraka sana, hivyo napeleka maji ya vuguvugu kila ninapopita, kwenye bakuli la mpira ambalo unaligonga barafu inatoka.

Macho yanafunguka siku ya 10 mpaka 12. Likichelewa au likigandana lifute na pamba yenye maji ya vuguvugu, usilivute. Sanduku wengi wanatoa wiki ya tatu hivi, kwenye baridi mimi naliacha zaidi mradi linabaki kavu, nabadilisha nyasi tu.